Kamba, timazi na daftari: kupanga saspensheni na alaimenti ya gari la sakiti ukiwa Mtwara

Karatasi ya alaimenti, yaani vipimo vya jinsi tairi zinavyokaa, ilikuwa ya kijani tupu. Kila namba ndani ya kipimo, kushoto sawa na kulia. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka na Subaru Impreza WRX yangu ya 2005 kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa Mtwara, kwa ajili ya siku moja ya kukimbiza magari kwenye eneo lililofungwa. Mzunguko wa tatu, kona ya kushoto, nimeshaachia breki, mkia ukatoka. Kona za kulia gari lilikuwa limetulia tuli. Kila kona ya kushoto, mkia.

Jioni niliingia chini na tochi nikakuta bushi (kiungo cha mpira) ya linki ya nyuma, upande wa kulia, imechanika karibu nusu. Gari likisimama, tairi linakaa pale pale lilipopangwa. Likibanwa na kona ya kushoto, uzito wote unahamia kulia, bushi inajikunja na tairi linageukia nje. Mashine haikudanganya. Tulikosea mimi na gereji ile, tuliokimbilia kupima kabla ya kukagua.

Tangu siku hiyo alaimenti ya sakiti (uwanja wa kukimbizia magari) naifanya mwenyewe, kwenye baraza ya saruji nyumbani Chikongola, kwa vifaa vya fundi mwashi: kamba, timazi, pima maji na mpira wa maji. Usahihi unatosha kabisa. Faida kubwa ni kwamba ukiwa uwanjani, gereji zote ziko mbali, unaweza kubadilisha kitu na kukipima hapo hapo. Namba nitakazotoa ni za gari kama langu, lenye shokapu iliyoshika habu (kitovu cha gurudumu) moja kwa moja mbele na nyuma, rimu za inchi 17, na tairi za barabarani zenye mshiko mzuri. Toyota Altezza ina mikono miwili ya saspensheni juu na chini, kwa hiyo inahitaji kemba (kulala kwa tairi) ndogo kuliko hii, lakini hatua ni zile zile.

Jambo moja kabla ya spana: Mtwara hatuna sakiti. Lami ya kwenda Mikindani ina watoto wa shule, baiskeli na mbuzi, na barabara ya Msimbati ina mchanga. Gari lililopangwa kwa sakiti linasimama na kukata kona tofauti na ulivyozoea, na mahali pa kulijua ni eneo lililofungwa, lenye wasimamizi na gari la wagonjwa.

Kagua kwanza, na kagua kwa nguvu

Pandisha gari kwenye stendi nne, si kwenye jeki. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia, litikise tena. Likicheza, ni tairodi au rakendi, vyuma vya steringi vinavyogeuza tairi. Mwambie mtu akanyage breki huku ukitikisa: mchezo ukiisha, tatizo ni beringi, ukibaki, tafuta kwenye boljointi.

Kisha chukua mtaimbo mfupi uingize kati ya mkono wa chini na fremu, ukandamize huku unaangalia bushi. Bushi nzima inarudi kama raba ya kufutia. Iliyokufa inaonyesha mpasuko unaofunguka kama mdomo. Fanya hivyo kwenye kila bushi, hasa zile za nyuma ambazo mafundi wengi hawaziangalii. Angalia pia shokapu kama inavuja oili, springi kama imekatika kwenye mzunguko wa chini kabisa, na bushi ya juu ya shokapu kama inagonga ukizungusha steringi.

Sisi wa pwani tuna tatizo la ziada, chumvi. Upepo wa bahari unakula nyuzi za bolti kimya kimya, na nati ya tairodi iliyokaa miaka mitano Shangani haifunguki kwa kubembelezwa. Siku mbili kabla ya kazi, safisha nyuzi zote kwa brashi ya waya, mwagia oili ya kulegeza, rudia asubuhi na jioni. Ukishafungua, paka grisi nyepesi kwenye nyuzi za tairodi ili siku ya uwanjani zigeuke kwa spana ndogo.

Ukibadilisha bushi za mpira, usikaze bolti zake gari likiwa linaning'inia. Ziache zimeshika tu, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mpira wa bushi umeganda pande zote mbili, na ukikazwa miguu ikining'inia unabaki umesokotwa muda wote gari likitembea. Unachanika mapema, na unalinyanyua gari kidogo, kwa hiyo urefu utakaopima ni wa uongo. Kosa hili ndilo lililoua bushi yangu. Nililigundua kwa sababu mpya niliyofungiwa ilianza kupasuka ndani ya miezi minne.

Sakafu

Baraza inayoonekana tambarare si tambarare. Weka alama ya chaki pale tairi nne zitakapokaa, kisha chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita kumi hivi, ujaze maji bila mapovu. Huu ndio mpira wa maji wa waashi. Shika ncha moja kwenye alama ya kwanza, peleka ya pili kwenye alama nyingine, linganisha usawa wa maji na sakafu. Kwenye baraza yangu tairi la nyuma kushoto lilikuwa chini kwa milimita 11. Nilijazia kwa vipande vya marumaru hadi tofauti ikabaki chini ya milimita 2. Kazi hii unaifanya mara moja tu. Andika unene wa kila kona ukutani kwa rangi.

Chini ya kila tairi weka marumaru mbili zilizopakwa grisi katikati, uso kwa uso, ili tairi liteleze na kugeuka bila kubana. Usipofanya hivi, ukishusha gari kutoka kwenye jeki tairi zinang'ang'ania saruji na kemba inaonekana pungufu.

Urefu na uzito

Jaza upepo tairi zote sawasawa. Toa jeki na mizigo kwenye buti. Weka mafuta nusu tenki. Halafu weka dereva kwenye kiti. Mimi nina kilo 70, kwa hiyo naweka mfuko wa saruji wa kilo 50, ya hapa hapa Mtwara, na ndoo ya maji ya lita 20. Gari lisilo na dereva linakaa tofauti, na hutaendesha ukiwa umeshuka.

Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, andika. Kama una koilova (shokapu na springi zinazorekebishwa urefu), hapa ndipo unapoamua urefu, na ushauri wangu ni usishushe zaidi ya milimita 25 au 30 kutoka urefu wa kiwandani. Najua gari lililolala linapendeza. Lakini kwenye gari la aina hii, mkono wa chini ukishainama kuelekea juu upande wa tairi, gari linalala zaidi kwenye kona kuliko mwanzo, na shokapu inagonga mpira wake wa mwisho katikati ya kona. Mkono ulale sawa, au ncha ya tairi iwe chini kidogo ya ncha ya fremu. Hiyo ndiyo alama ya kuangalia, kuliko picha za mitandaoni.

Kemba

Kemba ni kulala kwa tairi ukiliangalia kutoka mbele ya gari. Juu likiingia ndani, kemba ni hasi. Kwenye kona gari linalala nje na tairi la nje linapanda ukingo wake. Kemba hasi inalirudisha likanyage kwa upana wote.

Funga timazi kwenye kipande cha ubao kilichochomoza nje ya fenda, uzi upite mbele ya kitovu cha tairi bila kuligusa. Pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu wa juu, kisha ukingo wa chini. Kwenye rimu ya inchi 17, ukingo hadi ukingo ni kama milimita 457, na kila tofauti ya milimita 8 ni digrii 1. Juu ikiwa mbali na uzi kwa milimita 20 kuliko chini, una hasi 2.5.

Mara ya kwanza nilifanya kazi hii mwezi wa saba, kusi inavuma, na timazi ikawa inabembea kama saa ya ukutani. Jirani yangu, mzee aliyejenga nyumba nyingi za mtaa huu, alisimama akaniangalia kwa muda.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona unagombana na upepo? Lete kopo la maji.”

Akaizamisha timazi ndani ya kopo, uzi ukatulia papo hapo. Nilikaa nikalitazama kopo lile, kwa sababu hapo ndipo nilipoielewa shokapu kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma. Springi inabeba gari, na peke yake ingebembea bila kuchoka. Shokapu ni kopo la maji: mwendo unapita ndani ya kitu kizito na kugeuka joto. Maji kidogo, timazi inabembea. Ungeizamisha kwenye grisi, ingechelewa hata kurudi mahali pake. Tutarudi hapa.

Mbele lenga hasi 2.5, nyuma hasi 1.5 hadi 2. Bolti ya juu ya shokapu ya mbele ya Impreza ina umbo la yai, ukiizungusha tairi linalala, lakini haifiki mbali. Ikikwama kabla ya hasi 2, nunua bamba za juu za shokapu zinazosogea. Hakikisha kushoto na kulia hazipishani zaidi ya robo digrii. Kila ukisogeza, bonyeza gari mara tatu kila kona, lisukume mbele na nyuma mita moja, ndipo upime tena.

Watu wataniuliza kuhusu tairi kuliwa ndani kwa safari ya kilomita 550. Kemba hasi 2.5 inakula kidogo. Kinachomaliza tairi ni tou mbaya, yaani tairi kuangalia ndani au nje kupita kiasi ukilitazama kutoka juu.

Kasta

Hii ni kulala kwa mhimili wa kugeuzia ukiuangalia kwa ubavu, na ndiyo inayofanya steringi irudi yenyewe. Geuza tairi digrii 20 ndani, pima kemba. Geuza digrii 20 nje, pima tena. Tofauti zidisha kwa 1.5. Kasta nyingi ni nzuri, kushoto na kulia zikaribiane ndani ya nusu digrii. Zikipishana sana, mara nyingi kuna mkono uliopinda kwa shimo, na hakuna alaimenti itakayouponya.

Tou

Hapa usiwe na haraka. Nyosha steringi, ifunge kwa kamba kwenye kiti isicheze. Weka stendi mbili mbele na mbili nyuma, zibebe vyuma viwili vilivyonyooka, kimoja mbele ya bampa na kingine nyuma. Kwenye kila chuma kata alama mbili kwa msumeno, umbali ule ule kabisa kwa vyuma vyote viwili, halafu vuta kamba ya nailoni kila ubavu ikipita usawa wa kitovu cha tairi. Kamba zote mbili sasa zinakwenda sambamba.

Sogeza vyuma hadi umbali kutoka kamba hadi katikati ya habu ya mbele ulingane kushoto na kulia, na wa nyuma ulingane vilevile. Wa mbele na wa nyuma unaweza kutofautiana, kwa sababu upana wa magurudumu ya mbele na nyuma si lazima uwe mmoja. Wengi wanakosea hapa, wanalazimisha namba nne zifanane na kupanga gari liende upande kama kaa.

Sasa kila tairi, pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma, usawa wa kitovu. Ukingo wa mbele ukiwa mbali na kamba zaidi, tairi linaangalia ndani: tou-ini. Ukiwa karibu zaidi, tou-auti. Tumia rula ya chuma, jicho moja, na usiiguse kamba. Milimita 1 hapa ni kama sehemu ya nane ya digrii.

Anza nyuma. Nataka tou-ini ya milimita 1 kila upande, kwa sababu nyuma ikiangalia nje hata kidogo unapata mkasa niliousimulia juu. Mbele weka sifuri, au tou-auti ya milimita 1 kila upande kama kona ni za kubana na unataka pua iingie haraka. Zaidi ya hapo gari linatangatanga kwenye breki kali. Kwenye gari langu, kuizungusha tairodi upande mmoja wa nati yake, yaani sehemu ya sita ya mzunguko, kunasogeza karibu milimita 1. Hesabu yako ijue nyumbani, uiandike ndani ya mfuniko wa buti. Zungusha kushoto na kulia kwa kiasi kilekile ili steringi ibaki imenyooka.

Na kumbuka mpangilio: urefu kwanza, kemba ya pili, tou mwisho. Ukigusa kemba, tou imehama. Siku moja nilikaza bolti ya kemba baada ya kumaliza tou, nikidhani ni kukaza tu, ikahama milimita 3.

Ukimaliza, chora mstari kwa rangi ya kucha juu ya kila bolti na kitako chake. Mstari ukikatika, bolti imesogea, na utaona bila kupima chochote.

Shokapu na springi

Shokapu yenye kirekebishi, ifunge hadi mwisho kisha uifungue ukihesabu milio ya “tik” ya kirekebishi. Weka katikati kwanza, zote sawa kwa jozi. Endesha. Gari likiendelea kubembea baada ya tuta, kaza milio miwili. Likianza kurukaruka na tairi kupoteza mshiko kwenye lami yenye mikunjo, umezidisha, ni timazi ndani ya grisi: springi haipati muda wa kurudi kabla ya mkunjo unaofuata, na gari linazidi kukaa chini kila tuta.

Springi ngumu sana ni ugonjwa wa wengi. Kwa gari linalokwenda sakiti kwa magurudumu yake, nachagua laini kuliko wanavyoniambia. Tairi lililo hewani halina kazi.

Upepo na joto uwanjani

Asubuhi, tairi baridi, weka psi 28 zote nne. Zunguka uwanja mara tano kwa kasi ya kweli, ingia, pima mara moja kabla hazijapoa. Nataka 34 hivi zikiwa moto. Kila nyuzijoto 6 zinazoongezeka ndani ya tairi huleta karibu psi 1, kwa hiyo ukipima jua likishapanda usishangae namba za asubuhi zimehama. Punguza ile iliyozidi, usiongeze ile iliyopungua kabla hujajua kwa nini.

Kabla ya kutoka, chora chaki kutoka kwenye ubavu hadi uso wa tairi. Chaki ikifutika hadi ubavuni, tairi linajikunja: upepo mdogo au kemba pungufu. Kama una kipima joto cha kuchoma, pima sehemu tatu za uso: ndani, kati, nje. Ndani ikizidi nje kwa nyuzijoto 5 hadi 10, kemba iko vizuri. Nje ikizidi ndani, ongeza kemba hasi. Kati ikizidi pembeni zote mbili, upepo mwingi.

Daftari langu lina safu ya saa, upepo wa kona nne, joto, milio ya shokapu, na sentensi moja ya nilichohisi. Hiyo sentensi iandike kabla hujavua kofia ngumu. Ukishapiga soga na wenzako, umeshasahau.

Pua inakataa, mkia unatoka

Jiulize kwanza ni wapi kwenye kona. Kama pua inakataa mwanzoni tu, mara nyingi ni dereva: umeingia kwa kasi au umeachia breki ghafla na uzito ukahama nyuma. Mimi najijaribu mizunguko mitatu kabla ya kugusa spana.

Ikikataa katikati ya kona, ambayo ndiyo tabia ya Impreza, kaza stablaiza ya nyuma (chuma kinachounganisha kushoto na kulia ili gari lisilale sana) hatua moja, au ongeza kemba hasi ya mbele. Ikikataa wakati wa kutoka, umekanyaga mafuta mapema, na kama sivyo, ongeza ugumu wa nyuma kidogo kidogo. Mkia ukitoka kwenye breki, ongeza tou-ini ya nyuma nusu milimita, au legeza stablaiza ya nyuma. Ukitoka upande mmoja tu, acha kila kitu, ingia chini na mtaimbo.

Badilisha kitu kimoja, endesha, andika. Ukibadilisha viwili na gari likawa zuri, hujui ni kipi, na likiharibika huna pa kurudi.

Kurudi nyumbani

Kabla ya kutoka uwanjani, rudisha tou ya mbele sifuri kwa kuhesabu pande za nati, pandisha upepo hadi kipimo cha barabarani, legeza shokapu milio mitatu au minne. Barabara yetu ya kusini imepita mengi. Mei 2024, baada ya mvua za kimbunga Hidaya, ilikatika maeneo ya Somanga, na mchepuko mmoja wenye mawe unatosha kusogeza bolti ya kemba.

Mimi nasimama mara mbili. Ya kwanza ni baada ya kilomita 50, nakaza nati za tairi kwa spana ya kipimo, 100 Nm. Ya pili ni njia panda ya Mingoyo, barabara ya Masasi inapoachana na ya Mtwara. Nanunua maji, nalala chali kwenye kanga, na kwa tochi naangalia mistari ya rangi ya kucha, moja baada ya nyingine, kushoto kisha kulia.